Namba umeipata kwa mistari ya kukariri, sasa anakuulizia dada ambaye hayupo

Swali limetoka kwa kijana mmoja, nimelifupisha kidogo:

"Anti shikamoo. Nina miaka 27, nipo Dar, nafanya kazi duka la simu Kariakoo. Nilikuwa muoga sana kuongea na wadada nisiowajua, mwaka jana nikalipia kozi ya 35,000 kwenye group la WhatsApp, wakatutumia pidiefu ya mistari ya kukariri. Mmoja unamsimamisha dada unamwambia 'samahani naomba mawazo yako haraka, nina dakika mbili tu, dada yangu kakuta meseji kwenye simu ya mchumba wake na harusi ni mwezi ujao, ungekuwa wewe ungefanyaje?' Kweli anti unafanya kazi, namba napata. Miezi miwili iliyopita nikautumia kwa mdada mmoja kituo cha mwendokasi Magomeni Mapipa, tukaongea akanipa namba, tumeshatoka mara nne na huyu nampenda kwelikweli. Shida kila tukionana ananiuliza dada yako vipi, harusi ilifungwa? Juzi kasema amemwombea. Mi sina dada, kwetu tumezaliwa wavulana watupu. Pia kozi ilisema usiseme umeajiriwa kwahiyo anajua duka ni langu. Je nimwambie ukweli nimpoteze, au niseme dada kasamehe mambo yaishe? Na bila mistari mtu kama mimi ataanzaje kuongea na mwanamke asiyemjua? Jumamosi tunaonana."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikisoma nakwama palepale, pale ulipoandika juzi kasema amemwombea. Yani huyu binti kachukua shida ya mtu ambaye hajawahi kumuona, kaenda nayo nyumbani, kaiweka kwenye dua zake pamoja na za mama yake na wadogo zake, na huyo mtu hayupo. Wewe umeandika kama vile ni kero kwamba anauliza uliza, mi naona hapo ndo umeonyeshwa mwanamke wa aina gani umekutana naye.

Nakujibu kwanza alafu ndo nieleze. Mwambie. Usimuozeshe huyo dada, usimpe mchumba wake msamaha, usimhamishie Mwanza. Na mistari iache, sio kwamba haifanyi kazi, umesema mwenyewe inafanya kazi na nakuamini, ila kazi inayofanya sio ile unayoitaka wewe.

Uoga wako siudharau. Kumsogelea mtu usiyemjua kituoni, watu wamejaa, muuza maji anakuangalia, na unajua akikuchomolea utapanda naye basi lilelile mpaka Gerezani, hilo jambo linalegeza magoti ya mwanaume yeyote. Nimekaa na wanaume wa miaka 40 na kitu, mabosi wa watu, wakaniambia hawajawahi hata siku moja kumwambia mwanamke wasiyemjua kwamba wamevutiwa naye, wake zao walitafutiwa na ndugu au walikutana nao kazini. Kwahiyo wewe kutafuta msaada haikuwa ujinga. Ni huo msaada uliouziwa ndo una shida.

Mistari yako nimeitambua nilipoiona tu maana haijatungwa Kariakoo. Miaka ya 1990 kule Marekani, Los Angeles, alikuwepo Ross Jeffries akiwafundisha wanaume kutongoza kwa maneno ya kulewesha akili, vitu alivyovitoa kwenye mafunzo ya ushawishi na hipnosisi, yani kumlaza mtu akili kwa maneno. Baadae akaja Mkanada Erik von Markovik, anajiita Mystery, huyu fani yake ilikuwa mazingaombwe ya jukwaani, na yeye ndo alipanga hatua kwa hatua: anza kwa kumwomba maoni, jifanye huna muda ili asiogope kwamba utamganda, mpe sifa yenye mwiba ndani ili ajione amepungua kidogo na aanze yeye kutafuta kukuridhisha. Mwaka 2005 mwandishi wa habari mmoja aliyeingia kwenye kundi lao akatoa kitabu kikauzwa sana, 2007 Mystery akapewa kipindi kwenye tivii ya VH1, na kuanzia hapo mambo yao yamesambaa dunia nzima mpaka yamekufikia wewe kwa 35,000. Hata huo wa kuomba ushauri kuhusu ugomvi wa mapenzi ya mtu mwingine ni wa kwao, walikuwa wanautumia klabu za usiku, wewe umewekewa dada na harusi.

Sasa fikiria, huo mpango wote umetengenezwa na mtu wa mazingaombwe. Mazingaombwe yanataka mtazamaji aangalie mara moja, ashangae, aende zake. Na klabu ya usiku ya mji mkubwa ni hivyohivyo, taa hafifu, muziki juu, mtu unayeongea naye huenda msionane tena maishani. Wewe umeyafanya asubuhi Magomeni Mapipa kwa mtu anayepanda basi hapohapo kila siku ya kazi, alafu ukampenda. Huwezi kumfanyia kiinimacho mtu unayetaka aje akae nawe jikoni miaka 30, siku moja ataiona kamba tu, na yeye ameshaanza kuivuta kidogo kidogo bila kujua, kila akikuuliza harusi ilifungwa?

Ngoja nikupe mfano, nabadilisha mambo madogo ili wahusika wasijulikane. Walikuja kwangu mume na mke, ndoa ina miaka 3, mtoto mmoja. Mke alikuwa anahamisha picha za mtoto kutoka simu ya zamani ya mume akakutana na faili la maneno, yamepangwa kwa namba, na kwenye namba 7 akaikuta sentensi ambayo mume alimwambia siku ya kwanza walipokutana kwenye foleni benki, kwamba ana macho ya mtu anayecheka na kila mtu ila kuna kitu hajamwambia yeyote. Hii sentensi mwanamke alikuwa ameitunza kama watu wanavyotunza cheti. Alishamsimulia mama yake, aliisimulia kwenye kichen pati yake watu wakapiga vigelegele. Ofisini kwangu aliinakili kwenye karatasi akaisoma taratibu mbele yetu, herufi kwa herufi, mume akawa anasema mke wangu mimi nakupenda, hilo faili la zamani, na alikuwa anasema kweli, mi nilimuamini. Mke hakuuliza habari za wanawake wengine waliosomewa namba 7. Aliuliza kitu kimoja tu, siku ile uliniona mimi? Mwanaume alikaa kimya muda mrefu sana, kwa sababu siku ile hakumuona, alikuwa anakumbuka namba 7.

Wapo pamoja mpaka leo, ila ile hadithi ya siku ya kwanza hawaisimulii tena.

Hicho ndo mistari inachokula mwanangu, na inakula hata kama nia yako nzuri. Wakati yeye anakujibu kuhusu dada yako, kaanza kukueleza labda jambo lililompata shangazi yake, wewe kichwani unatafuta mstari unaofuata, unapita kabisa juu ya shangazi. Kuna utafiti wa watu wa Harvard ulitoka 2017, waliangalia maongezi ya watu wasiojuana, yakiwemo ya zile deti za dakika chache ambapo watu wanapokezana meza, wakakuta anayeuliza maswali ya kufuatilia, yani swali linalotoka kwenye kile mwenzake amesema sasa hivi, anapendwa zaidi na anakubaliwa zaidi kuonana mara ya pili. Na swali la kufuatilia haliwezi kuandikwa kwenye pidiefu hata uiuze milioni, maana aliyeiandika hajui huyu binti atajibu nini. Lazima umsikilize. Mi nadhani mara nne mlizotoka zimekwenda vizuri kwa sababu mahali fulani katikati ulisahau kozi ukaanza kumsikiliza, hebu jiulize kama nadanganya.

Kuhusu ukweli kwamba haulipi, kwamba ukisema wazi utachekwa, sikiliza hii. Mwaka 1978 na tena 1982 Chuo Kikuu cha Florida State, watafiti Russell Clark na Elaine Hatfield waliwatuma wanafunzi, vijana wa kawaida tu kwa sura, wamfuate mwanachuo wasiyemjua mchana kweupe wamwambie nimekuwa nikikuona hapa chuoni, nakuona unavutia sana, alafu waombe jambo moja. Walioomba tutoke leo usiku, nusu ya wanawake au zaidi kidogo walikubali. Nusu! Bila dada wala harusi wala dakika mbili. Walioomba tulale pamoja leo, hakuna hata mwanamke mmoja aliyekubali, miaka yote miwili. Chuo sio kituo cha mwendokasi, pale mnahesabika wa jamii moja na kuna usalama wake, kwahiyo usitegemee nusu ya Magomeni nzima. Ila inaonyesha mwanamke hakimbii kwa sababu umemwambia wazi kwamba amekuvutia, anaangalia unaomba nini na kama kukubali kutamwingiza kwenye hatari. Na 1986 watafiti wengine hukohuko Marekani waliwapa wanaume na wanawake sentensi nyingi za kufungulia maongezi wazipime, zile za ujanja ujanja na utani wa kujionyesha wanawake walizikataa kuliko wanaume walivyozikataa, wakapendelea salamu ya kawaida au kusema wazi.

Kwetu huku pia hakujakosa utaratibu wa kumfuata mtu usiyemjua, tena wa zamani kuliko kozi zote. Mshenga. Kijana wa pwani akimuona binti wa mtaa mwingine haendi kumsimamisha njiani, anamtuma mtu mzima mwenye heshima zake, na mshenga akifika hakwepeshi, anasema nimetumwa na fulani bin fulani, kazi yake hii, wazee wake hawa, nia yake hii. Alafu upande wa binti wanakaa kimya wiki kadhaa wanachunguza, msikitini, mtaani, kazini kwake, anadaiwa, anakunywa, ana mke kokote. Leo mjini mnakutana vituoni hakuna anayemjua mwenzake, hakuna wa kwenda kumuulizia, kwahiyo alichonacho yule binti cha kukupimia ni maneno yako tu. Wewe ndo umejituma, mshenga na muoaji mtu mmoja. Mshenga akidanganya kazi ya kijana, posa ikigundulika inarudishwa na mshenga hatumwi tena na mtu.

Na hapo ndo nakuja kwenye lile ulilolipitisha haraka mwishoni kama mtu anayeficha mfuko nyuma ya mlango. Duka.

Dada wa kubuni atakuumbua, utaona aibu, yataisha. Duka ni kitu kingine. Mwanamke mwenye akili akishatoka na mtu mara nne anaanza kupiga hesabu, sio za tamaa, za maisha, tukipangisha wapi, mama yangu akiugua nani atashika nini, niendelee na kazi hii au niache nisome. Hesabu zake zote sa hivi zina duka ndani yake ambalo sio lako. Kila siku unayokaa kimya anaongeza tofali juu ya kiwanja cha mtu. Na jamani kuuza duka la mtu Kariakoo ni kazi, tena kazi ya watu, unafungua asubuhi, unajua simu feki kwa kuishika tu, unakabidhi hesabu jioni shilingi haipungui, kuna maduka makubwa yameanzishwa na vijana waliofundishwa hapohapo nyuma ya kaunta ya tajiri. Aliyekuambia usiseme umeajiriwa amekufundisha kujionea aibu kitu ambacho baba yako angekisema msikitini kifua mbele.

Sasa utaanzaje bila mistari, maana hilo nalo umeuliza kwa dhati na sitaki nikuache na maneno matupu. Kujiandaa sio uongo. Ukifikiria usiku utasema nini kesho, ukasema mbele ya kioo ukaona unavyotetemeka ukarudia, hiyo ni heshima, hata mshenga alijiandaa. Uongo unaanza pale unapotengeneza mtu asiyekuwepo au sababu isiyokuwepo. Kwahiyo sentensi iwe yako na iwe kweli, kitu kama habari dada, samahani kidogo, naitwa fulani, nafanya kazi duka la simu hapo Kariakoo, nimekuwa nakuona hapa kituoni na leo nimejikaza nikuambie umenivutia, ningependa siku moja tukae tunywe juisi tuongee, kama hutaki wala usijali. Ukiwa unatetemeka sema natetemeka, sio dhambi, wanawake wengi wameniambia waliona kutetemeka wakajua huyu hajaja na la kukariri.

Alafu mpe namba yako wewe badala ya kuomba yake. Hili silisemi kama pambo, hili ndo kubwa kuliko sentensi yote. Ukimpa yako ana usiku mzima wa kufikiria kwake kitandani bila wewe kumsimamia kichwani, akikutafuta ujue kachagua. Wengi hawatakutafuta na hiyo ni sawa, wale wengi waliokupa namba kwa mstari wa dada mbona hukuwaandika kwenye barua yako hata mmoja?

Ukweli nao una adabu zake. Kumwambia mwanamke usiyemjua habari za umbo lake ni kweli labda, na ni utovu wa adabu, na Tanzania maneno ya kumbughudhi mtu kingono ni kosa toka sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, watu wanadhani mpaka umshike. Na usimshike, hata mkono, wewe unafanya kazi Kariakoo unajua dada anavyopita pale anavutwa mkono huku, anaitwa mchumba kule, akifika kituoni ameshachoka kuitwa. Simama pembeni yake sio mbele yake, pawe na nafasi ya yeye kuondoka. Ndani ya basi mmebanana usianze, hana pa kwenda. Yuko kazini nyuma ya kaunta anakuhudumia, usianze, kakuchekea kwa sababu ndo kazi. Giza limeingia yuko peke yake, muache afike nyumbani. Na jifunze kuisikia hapana ya kwetu maana wadada wengi hawaisemi hivyohivyo, wanaogopa kutukanwa, wanasema nina mtu, nitakutafuta, simu yangu mbovu, leo nina haraka. Zote ni hapana. Sema haya asante, siku njema, usogee mbali, na kesho ukimkuta kituoni salimia kama unavyosalimia mtu yeyote. Ukiweza hilo la mwisho uoga wako utapungua kuliko kozi yoyote ilivyokupunguzia, kwa sababu utakuwa umeshachomolewa, umeamka, umekunywa chai, na kituo kipo palepale.

Turudi kwa huyu wako. Jumamosi usimpeleke sehemu ya gharama, itaonekana unamuhonga kabla ya habari mbaya. Sehemu ya kawaida, mchana, karibu na usafiri ili akitaka kuondoka aondoke bila kukuomba umsindikize. Usimwandikie WhatsApp leo kwamba kuna jambo nataka kukuambia, utamlaza macho usiku mzima bure. Mkikaa tu, kabla hamjaagiza, mwambie. Anza na duka. Duka sio langu, nimeajiriwa, nilikudanganya. Alafu dada. Sina dada, ile stori niliikariri kwenye kozi ili nipate pa kuanzia kuongea na wewe, na najua ulimwombea, hilo ndo limeniuma mpaka nimeamua kusema. Ishia hapo. Usiseme nilifanya kwa sababu nilikupenda, siku ile hukumpenda, hukumjua. Usilie ili akubembeleze. Usitaje anti wa wapi sijui kakushauri.

Atakuuliza maswali, pengine mengi, umewaambia wangapi hiyo ya dada, jibu idadi kama unaikumbuka. Akinyamaza nyamaza naye. Akinyanyuka mwache, mtumie meseji moja jioni kwamba pole na samahani na hutamsumbua, basi, usipige simu kumi na nne, usiende kumsubiri Mapipa Jumatatu asubuhi, panda kituo kingine wiki hiyo hata kama utatembea kidogo. Anaweza asirudi. Sikufichi, wapo waliokuja kwangu wamesamehe kubwa kuliko hili na wapo ambao hawakuweza dogo kuliko hili, na ni haki yake kuchagua sasa akiwa anajua anamchagua nani.

Na akibaki, akakuuliza jina lako la ukoo, kwenu wapi, ndugu zako wangapi, mjibu hata kama ulishamjibu, anaanza kukujua upya. Mwambie ni wavulana watupu, umtajie majina yao.